Ukivuka Mpaka, Badili Nguo

Jumatatu, 4 Machi

Mwalimu wetu mpya wa hesabu ni kaka yangu. Si kaka wa mtaani wala kaka wa ukoo wa mbali. Ni kaka wa tumbo moja, anayekoroma chumba cha pili, ambaye jana tu alinigombeza kwa kumaliza sabuni yake. Leo kaingia darasani na shati alilopigiwa pasi na mama, darasa zima likasimama, nami nikasimama nikasema shikamoo Mwalimu kama wenzangu. Nusura nicheke. Yeye hakucheka hata kidogo.

Jioni alinipa masharti. Shuleni yeye ni Mwalimu, nyumbani ni kaka, na nisivushe kitu kutoka upande mmoja kwenda mwingine. Yuko kwenye mwaka wa majaribio. Muhula ukiisha shule itaamua kumthibitisha au kumuaga, na darasa alilotupiwa ndilo lile lililoanguka aljebra mwaka jana kwa kishindo. Mimi nilikuwa miongoni mwa walioshika mkia. Akaniomba, kwa sauti ya kaka na si ya mwalimu, nisimzamishe. Mama alikuwa anapenyeza uzi kwenye sindano ya cherehani. Akasema "Sawa" kwa niaba yangu.

Jumatano, 6 Machi

x haijulikani. Mimi sioni kwa nini tusiiache hivyo hivyo. Kama imejificha ina sababu zake.

Alhamisi, 7 Machi

Shuleni naitwa Maneno. Insha zangu husomwa mbele ya darasa, na mdomo wangu hauna kufuli. Ninayekaa naye dawati moja namwita Jirani, maana tangu kidato cha kwanza tunagombea mpaka wa dawati kwa viwiko. Leo Jirani kaniuliza kama kaka ananipa majibu nyumbani. Nilimwambia nyumbani hanipi hata chumvi. Akacheka, lakini swali lake limenikaa.

Jumatatu, 11 Machi

Mvua imeanza rasmi. Darasa letu lina paa la bati tupu, halina dari, na mvua ikigonga humsikii hata aliyekukanyaga.

Mwalimu alikuwa amefika pazuri. Aliandika x + 7 = 12, akatuambia tunataka x ibaki peke yake, kwa hiyo ile 7 tunaihamishia upande wa pili wa alama ya sawa, na ikihama inageuka kuwa ya kutoa. Hapo ndipo mvua ilipomwagika. Akapaza sauti, hatukusikia. Akarudia, hatukusikia. Mwisho akakunja mikono mdomoni na kupiga kelele: "Ukivuka mpaka, badili nguo!"

Hilo tulilisikia. Darasa zima likaangua kicheko na kulirudia kama wimbo. Hata Mkimya, anayekaa nyuma na ambaye sijawahi kujua sauti yake ikoje, alikuwa anaimba. Mwalimu alifurahi, nilimwona. Akaendelea kufundisha, mdomo unacheza, mkono unaonyesha mstari mwingine chini ya ule wa kwanza, lakini bati linavuja pale pale juu ya ubao na maji yalikuwa yanateremka na chaki. Sisi tuliona ndevu zikitikisika tu. Kengele ikalia, au labda haikulia, watu wakatoka.

Ila nimeelewa kitu cha aljebra kwa mara ya kwanza maishani. 12 toa 7 ni 5. Nilitembea na mvua mpaka nyumbani nikiwa na furaha ya kijinga.

Jumanne, 12 Machi

Wamemwita Mwalimu Mpaka. Jina lilichukua siku moja tu kushika.

Ijumaa, 15 Machi

Mvua. Tunafanya mazoezi, hatufundishwi, kwa kuwa kufundisha hakusikiki. Ananakili maswali ubaoni, tunajibu kwenye madaftari, anakusanya. Madaftari yamerundikana chini ya kitanda chake. Kapewa madarasa yote ya mwaka wetu, ana mikono miwili, na akirudi nyumbani analala na viatu. Mama akimuuliza lini atayasahihisha, anasema kesho.

Mimi nafurahia. Kila kinachovuka nakibadili nguo. 2x + 5 = 17: ile 5 inavuka, 2x = 12. Ile 2 inavuka, inakuwa kutoa 2, x = 10. Safi kabisa. Nimemwonyesha Jirani, naye ana 10. Tukatazama wa mbele yetu, naye ana 10. Ukiona watu wengi wamefika mahali pamoja unaamini ndipo.

Jumapili, 24 Machi

Kaka kaenda shule siku ya mapumziko. Mtihani wa majaribio umetungwa nje na kuletwa kwenye bahasha, na yeye ndiye kijana kwenye chumba cha walimu, kwa hiyo yeye ndiye aliyetumwa kwenda kutoa nakala. Karudi na wino kwenye vidole. Nilimtania anionyeshe vidole labda nitasoma swali moja. Alikasirika kweli, kanifokea mbele ya mama. Nikamwambia sawa, Mwalimu. Alijua nimemtukana.

Jumatano, 27 Machi

Tumefanya. Kwa penseli, maana Rula anataka hesabu zote ziwe kwa penseli. Rula ni Mkuu wa Taaluma, mwalimu wa baiolojia, mama mmoja mkavu ambaye hawezi kuandika kichwa cha habari bila kukipigia mstari ulionyooka. Nimemaliza kabla ya muda. Mimi, kumaliza hesabu kabla ya muda! Kaka aliponiuliza imekuwaje nilimjibu asubiri aone.

Jumatatu, 1 Aprili

Nitaandika nitakavyoweza.

Kipindi cha pili Rula aliingia badala ya Mwalimu. Karatasi zetu alikuwa amezikumbatia kifuani. Hakuketi. Akasoma swali la mwisho kwa sauti: mama ana umri mara nne ya umri wa mwanawe, na baada ya miaka ishirini atakuwa na umri mara mbili ya wa mwanawe. Mtoto ana miaka mingapi? Akatuambia mwongozo wa kusahihishia unasema kumi. Sisi, karibu darasa zima, tumeandika kumi na nane. Na si hilo tu. Kila tulipokosa tumekosa pamoja, namba ile ile, kana kwamba tumeandika kwa penseli moja.

"Watu wanaweza kupata pamoja," alisema. "Kukosa kila mtu hukosa kwake. Kuna kitu kimevuja humu."

Jirani, ambaye ana nia njema na akili inayochelewa kuamka asubuhi, akanyoosha mkono akaonyesha batini. "Pale juu ya ubao, Mwalimu. Panavuja tangu mwaka jana."

Hakuna aliyecheka. Rula alimtazama, kisha akanitazama mimi, na darasa zima likageuka kunitazama mimi. Sikuhitaji kuambiwa. Aliyetoa nakala ni kaka yangu, na mimi nalala chumba cha pili.

Wanavyodhani ni hivi: kaka alitaka darasa lifaulu ili athibitishwe, akanipa majibu niyasambaze, akawa ameyakokotoa haraka na mengine yakawa ya makosa. Karatasi zimefungiwa kabatini kwa Rula kama ushahidi. Kaka haruhusiwi kuingia darasani wala kuzitazama mpaka kikao kiamue. Wakiamua amevujisha, si kazi hii tu inayokwenda. Hatasimama tena mbele ya ubao popote.

Mama aliposikia aliweka kitambaa chini. Akasema "Sawa." Nilizijua sawa zake tatu: ya kukubali, ya kuchoka na ya kukutafutia fimbo. Hii ilikuwa ya nne.

Jumanne, 2 Aprili

Mvua. Kaka kashinda chumba cha walimu akipanga vitabu vya watu wengine.

Jumatano, 3 Aprili

Nyumbani hakuna anayezungumza. Nilimwomba kaka anieleze lile swali la mama na mtoto. Akasema tukionekana na daftari la hesabu mezani itakuwa tumejichimbia wenyewe. Alisema pole pole sana, na nilitamani anifokee kama ile siku ya wino.

Jumamosi, 6 Aprili

Nimepata! Lakini ngoja niandike kwa mpangilio, maana kupata kwenyewe ni msiba.

Nilikuwa namshikia mama vitambaa. Kichwani narudia lile swali, na kwa kuwa mimi ni wa maneno nilianza kulisimulia kama hadithi. Mtoto ana kumi na nane. Mama ana mara nne, yaani sabini na mbili. Mama akasimamisha cherehani.

"Alimzaa akiwa na miaka mingapi huyo?"

Nikatoa. Hamsini na nne.

"Hamsini na nne," mama alisema. "Nenda kamwambie huyo mwalimu wako anataka kumuua mwenzetu."

Tulicheka mpaka mama akajifuta macho kwa upindo wa gauni la mteja. Tangu Jumatatu hatujacheka ndani ya nyumba hii. Halafu nikaacha kucheka. Baada ya miaka ishirini mama huyo atakuwa na tisini na mbili na mtoto thelathini na nane, na tisini na mbili si mara mbili ya thelathini na nane. Haiko sawa. Alama ya sawa ipo pale katikati inasema pande mbili ni sawa, na mimi tangu Machi naipita kama mlango, sijawahi kurudi kuitazama kama ilichosema ni kweli.

Nikachukua rahisi. 3x = 12. Mimi nimezoea: 3 inavuka, inakuwa kutoa 3, x ni 9. Sasa nikairudisha 9 nyumbani kwake. Tatu mara tisa ni ishirini na saba. Wapi na kumi na mbili? Hiyo 3 haikujumlishwa kwenye x, imeizidisha. Ikivuka haiendi kutoa, inakwenda kugawanya. Kumi na mbili gawanya kwa tatu, nne. Tatu mara nne, kumi na mbili. Sawa. Nililisema neno hilo kwa sauti na mama akaniuliza sawa nini.

Hatukuibiana. Hakuna kilichovuja kwenye bahasha. Sisi sote tulisikia sentensi moja ya kaka yangu kwenye mvua, tukaibeba kila mahali, na kila mahali ilitupeleka kwenye shimo lile lile.

Jumapili, 7 Aprili

Nilimwambia. Ningejua nisingemwambia vile.

Nilimkuta anapiga viatu rangi na nikaropoka kuwa najua kwa nini tumekosa pamoja, ni kwa sababu alitufundisha vibaya. Brashi ilisimama. Nikamwonyesha 3x = 12 na ile 9. Akasema alitufundisha yote mawili, ya kujumlisha na ya kuzidisha, siku ile ile, mstari wa juu na mstari wa chini. Nikamwambia mstari wa chini ulioshwa na mvua na sauti yake iliishia kwenye nguo. Akakaa kitandani. Chini ya miguu yake yalikuwa yale madaftari. Akavuta moja, akafungua, akavuta jingine. 10, 10, 10. Yote yalikuwa humo tangu katikati ya Machi, na hakuyafungua.

Nilimwambia basi tumepona, kesho naenda kwa Rula nimweleze.

"Usiende."

"Watakuita mwizi, kaka."

"Mwizi anaweza kukana," alisema. "Mwalimu mbovu anakana nini?"

Nilimwonea huruma, na papo hapo nilitaka kumpiga na kiatu. Ana kiburi kama cha mama, kile cha kufumua gauni zima kwa mshono mmoja uliopinda. Akasema atakwenda kusema mwenyewe atakapokuwa tayari, na nikamwahidi nitanyamaza. Mimi, Maneno, niliahidi kunyamaza.

Jumatatu, 8 Aprili

Ahadi ilimhusu Rula, haikumhusu Jirani. Hivyo ndivyo nilivyojidanganya. Wakati wa mapumziko, chini ya ngazi pasipovuja, nilimfundisha Jirani kurudisha jibu nyumbani kwake. Alielewa haraka kuliko mimi. Alirudia mara kadhaa: inayozidisha inakwenda kugawanya, inayogawanya inakwenda kuzidisha, kila mtu na nguo yake. Uso wake ulivyong'aa nilijua kwa nini kaka anaipenda kazi hii.

Alhamisi, 11 Aprili

Mkuu wa shule kasimama mbele ya darasa na Rula pembeni yake. Jumatano ijayo tutafanya mtihani mwingine wa aljebra. Maswali yatatungwa asubuhi hiyo hiyo, mbele yake, na hakuna mwalimu wa hesabu atakayeyaona. Makosa yakirudi vile vile, basi ndivyo tunavyojua hesabu, na Mwalimu hana hatia ya kuvujisha. Tukifanya vingine, basi yale majibu ya mwanzo yalitoka mahali.

Walipotoka niliketi na nilichokuwa najua. Tukipata, kaka anaondoka. Na mimi ndiye niliyeanza kufundisha watu kupata.

Ijumaa, 12 Aprili

Nikimweleza kaka nimemfundisha Jirani, nimevunja ahadi. Nikimwambia Jirani asimfundishe mtu na ajifanye hajui, namwomba afeli kwa ajili ya nyumba yetu. Sikumwambia yeyote. Mama kaniuliza kwa nini sili. Nikasema tumbo, na haukuwa uongo.

Kaka kampelekea Mkuu wa shule maelezo yake yote, mvua, ubao, madaftari. Kakataliwa. Waliona ameyatunga baada ya kushikwa, na madaftari yaliyolala chini ya kitanda chake hawakuyakubali kuwa ushahidi. Rula alimuuliza kwa nini hakusema siku ya kwanza. Alirudi uso umemshuka, akapita moja kwa moja chumbani.

Jumatatu, 15 Aprili

Darasa limenitenga. Nikiingia wananyamaza. Mkimya alikuwa amesimama mbele ya kundi anazungumza, Mkimya! Aliponiona akarudi kiti chake na kuinamia daftari tupu. Nikamuuliza Jirani kuna nini, akasema hakuna kitu, na kiwiko chake hakikuvuka mpaka wa dawati siku nzima. Nadhani wamechoka kuitwa wezi kwa sababu ya kaka yangu. Siwalaumu. Ila Jirani namlaumu.

Jumanne, 16 Aprili

Mvua kutwa. Mama kanishonea upya kola ya shati. Hakuna aliyemwomba.

Jumatano, 17 Aprili

Nataka kuandika hili kama lilivyokuwa, hata sehemu zinazoniaibisha.

Tulifanyia bwaloni, kila mtu na meza yake, mbali na mwenzake. Mvua ilikuwa imekata. Rula alisambaza karatasi mwenyewe, na wino wake ulikuwa bado unanuka. Maswali ya mwanzo yalikuwa mepesi. 5x = 20. Nikaitazama 5 kana kwamba ni mtu ananisubiri njiani. Nikiandika 15, namsaidia kaka. Nikiandika 4, nasema ukweli, na ukweli wangu unakwenda kumfukuza.

Niliandika 15. Nikaendelea mbele. 2x + 9 = 21, nikaandika 10. Penseli ilikwenda vizuri, mkono ulikuwa bado unaikumbuka njia ya zamani. Kisha nikafika swali la mwisho. Bibi ana umri mara saba ya umri wa mjukuu wake. Baada ya miaka kumi atakuwa na umri mara nne ya wa mjukuu. Nikafanya mpaka 3x = 30. Kwa njia ya mpaka, mjukuu ana ishirini na saba. Bibi, mara saba, ana mia moja themanini na tisa.

Nilimwona yule bibi. Nilimwona akiinuka kitini na miaka mia moja themanini na tisa, ananiuliza nimemfanyia nini. Nikakumbuka mama alivyojifuta macho kwa gauni la mteja, na jinsi nilivyolisema lile neno kwa sauti nilipopata. Kitu hicho ni changu. Kaka hakunipa, mvua haikunipa, nilikipata mwenyewe na vitambaa mkononi. Sikuweza kukifuta. Nikarudi nyuma nikafuta 15, nikaandika 4. Nikafuta 10, nikaandika 6. Bibi nikampa miaka yake sabini.

Nilipokuwa nafuta nilisikia wengine nao wanafuta. Bwalo zima lilikuwa linasugua karatasi, vumbi la ufutio linapeperushwa kwa pumzi, watu hawatazamani. Nikasema moyoni, basi, wameipata wote, Jirani kawafundisha wote, na kaka yangu kwisha. Nilikabidhi karatasi na kwenda chooni kulia.

Nyumbani kaka aliuliza tu kama bwalo lilikuwa na mwanga wa kutosha. Nikasema ndiyo. Sijamwambia.

Alhamisi, 18 Aprili

Rula aliniita ofisini. Mlango aliufunga. Karatasi yangu ilikuwa peke yake mezani, na zile nyingine zimepangwa pembeni zimenyooka kama anavyopenda.

Alisema darasa zima limekosa vile vile. Wana 15, wana 10, na kila mmoja ana bibi wa miaka mia moja themanini na tisa. Mkuu wa shule ameridhika, mtihani haukuvuja, Mwalimu anarudi darasani baada ya mapumziko ya mwisho wa wiki. Kuthibitishwa kwake wataangalia mwisho wa muhula. Sikuelewa. Jirani alikuwa ameelewa, nilimwona kwa macho yangu chini ya ngazi.

"Wewe peke yako umepata yote," Rula alisema. "Nani kakufundisha?"

Nikamweleza. Sikumung'unya maneno safari hii. Nilimweleza mvua, ubao uliooshwa, nguo na mpaka, mama wa miaka sabini na mbili. Nilimweleza na madaftari chini ya kitanda, kwa sababu nayo ni kweli. Alisikiliza bila kuandika. Kwenye lile la kujifungua na miaka hamsini na nne, mdomo ulimcheza kidogo, naye ni mwalimu wa baiolojia.

Kisha alichukua karatasi moja kwenye lile rundo, akaiinua ikapata mwanga wa dirisha, akaitazama, akairudisha. Nikaona anaweza kuwa anajua, na nikaogopa upya.

"Mimi nasahihisha kilichoandikwa," alisema. "Kilichofutwa si kazi yangu. Nenda darasani."

Nilimwamkia tena nikitoka, ingawa nilikwisha kumwamkia.

Jumamosi, 20 Aprili

Kaka karudishiwa karatasi zote, za mwanzo na za sasa, na leo alizimwaga kwenye meza ya kukatia vitambaa. Alianza kuzipitia akiwa mchangamfu, anatania kuhusu bibi. Akainua moja dirishani. Akainua nyingine. Akaniita.

Chini ya 15, penseli iliyofutwa ilikuwa imeacha alama yake kwenye karatasi. 4. Chini ya 10, 6. Na kwa yule bibi, karatasi baada ya karatasi, chini ya mia moja themanini na tisa ungeweza kusoma sabini. Ya Jirani ilisuguliwa mpaka ikatoboka. Ya Mkimya haikufutwa hata kidogo, yeye alikwenda moja kwa moja kwenye kosa, bila kusita, kwa mwandiko mzuri.

Kwa hiyo walikuwa wanajua, na wakakosa kwa makusudi. Mara ya kwanza tuliitwa wezi na hatukuwa tumekubaliana chochote. Mara hii walikubaliana, darasa zima, na wakatangazwa wasafi. Na mtu pekee aliyekataa kumsaidia mwalimu alikuwa dada yake.

Nikamwambia kaka kwamba nilianza na 15, kisha nikafuta. Nilijisikia mdogo kuliko mtoto. Alikuwa ameinamisha uso na mabega yanatikisika, na nilifikiri anacheka mpaka nilipoona karatasi ya Jirani imelowa. Mama alitoka jikoni, akatutazama wote wawili, akazisogeza karatasi zisilowe zaidi.

"Wewe ndiye uliyewafundisha?" kaka aliuliza.

"Nilimfundisha Jirani tu."

"Umefundisha vizuri," alisema. Ilikuwa sauti ya mwalimu, ndani ya nyumba, na hakuna aliyemkumbusha masharti yake.

Jumatatu, 22 Aprili

Nilimsubiri Jirani getini. Nilimuuliza kwa nini hawakuniambia. Akasema walijadiliana, na wakaona mimi siwezi kunyamaza, na pia haikuwa haki kumwomba mtu amdanganyie kaka yake. "Sisi kwetu ni mwalimu tu," alisema. Darasani kiwiko chake kilirudi upande wangu, nami sikukisukuma.

Jumanne, 23 Aprili

Mwalimu kaingia na madaftari yote, yamesahihishwa, macho mekundu. Tukasimama. Hakutuambia tuketi. Alisema ameziona karatasi, zote, juu na chini ya ufutio. Kwamba hatatushukuru, kwa sababu tulichofanya si kizuri na kingeweza kutuponza. Tukaketi wenyewe.

Akageuka akaandika 5x = 20 ubaoni, upande wa kushoto safari hii, mbali na panapovuja. Akauliza jibu. Kisha Mkimya, kutoka nyuma: "Kumi na tano, Mwalimu." Darasa lilicheka, naye alicheka akiwa bado ametupa mgongo.

Alikuwa ameanza kueleza mvua ilipokuja, ile ile ya bati, yenye hasira. Alifungua mdomo, akaufunga. Hakupiga kelele. Aliweka chaki, akavuta kiti, akakaa mbele yetu na kusubiri. Tulisubiri naye. Hakuna aliyetoka, hakuna aliyezungumza, na Rula alipita dirishani na mwavuli, akatuona tumekaa tu, akaendelea na njia yake.

Mvua ikapungua, ikawa matone. Mwalimu akasimama, akachukua chaki, akaweka kidole chini ya ile 5, akamalizia sentensi aliyoianza tarehe kumi na moja Machi.

"Lakini kama inazidisha," alisema, na tulimsikia wote.